Teksi za mjini: idadi, ubora na bei si kitu kimoja

Jiji likitangaza tu kanuni mpya za teksi, mabishano hayakawii. Abiria wanasema madereva ni wezi wa mchana. Madereva wanasema kampuni za mtandaoni ndizo zinazowanyonya. Wenye leseni za zamani wanataka wageni wafungiwe mlango, kampuni nazo zinataka serikali ikae pembeni, na kila mmoja ana kisa chake cha kweli cha kukutolea. Shida ni kwamba wote wanaongea kana kwamba udhibiti wa teksi ni jambo moja, ambalo ama unalikubali zima ama unalikataa zima.

Ni mambo matatu. La kwanza ni ubora: nani anaruhusiwa kubeba abiria, kwa gari la namna gani, akikaguliwa na nani. La pili ni idadi, yaani teksi ngapi ziruhusiwe kufanya kazi. La tatu ni bei: nauli inapangwa na nani na inapimwaje. Jiji linaweza kukaza moja na kulegeza jingine. London inakaza sana ubora na nauli ya teksi zake nyeusi, lakini haina kikomo cha idadi. Anayefaulu mtihani anapewa leseni. New York imefunga idadi ya teksi zake za manjano tangu 1937. Sweden mwaka 1990 ililegeza idadi na bei kwa mpigo, ikabaki kushughulika na sifa za dereva na gari. Kwa hiyo mtu akikwambia udhibiti umeshindwa, muulize kwanza ni upi.

Kusimamisha na kuagiza

Kuna mpaka mwingine unaochanganya watu kuliko yote. Teksi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza, unaisimamisha barabarani au unaikuta kituoni. Ya pili, unaiagiza kwa simu au kwa programu, nayo inakufuata ulipo. Kwa macho ni gari lile lile na dereva yule yule. Kwa anayelipa nauli, ni biashara mbili zisizofanana.

Ukienda kununua shati sokoni, unaligeuza, unavuta mshono, unauliza bei, na usiporidhika unahamia meza ya jirani. Muuzaji analijua hilo, kwa hiyo bei yake ina adabu. Teksi ya barabarani haikupi nafasi hiyo. Mvua inanyesha, ni saa nne usiku, na gari lililosimama ndilo lililopo. Hujui breki zake zikoje wala dereva amelala saa ngapi. Kama u mgeni, hujui hata uendako ni mbali kiasi gani. Ukiliacha lipite, la pili laweza kuja baada ya dakika mbili au baada ya arobaini. Na kituoni kuna zamu: abiria hupanda gari la mbele, hivyo aliye nyuma hata akishusha nauli hafaidiki.

Hapo ndipo linapokwama lile wazo kwamba teksi zikiwa nyingi nauli itashuka yenyewe. Zikiwa nyingi, kinachorefuka ni foleni ya magari. Nauli hubaki palepale, na pengine hupanda, kwa sababu dereva aliyekaa saa mbili bila mtu atataka kuzifidia kwa huyo mmoja aliyempata. Nauli ya teksi ya barabarani kupangwa na mamlaka si uonevu kwa wafanyabiashara. Ni kujaza nafasi ya ushindani ambao mazingira yenyewe hayauruhusu.

Sweden ililiona hilo kwa vitendo. Kampuni zilipokuwa huru kujipangia nauli, mgeni aliyetoka uwanja wa ndege hakuwa na namna ya kujua kwamba gari la mbele linatoza mara kadhaa ya lile la nyuma yake. Hawakurudisha nauli ya serikali. Waliamuru kila teksi ibandike dirishani bei ya kulinganishia, yaani safari ya kilomita 10 inayochukua dakika 15 inagharimu kiasi gani katika gari hilo. Karatasi moja, namba moja, na mtu anaweza kupita gari hadi gari akisoma. Ni dawa nzuri kwa anayejua kwamba ana haki ya kuchagua. Kwa aliyeshuka kwenye ndege akiwa hoi na mabegi matatu, nina wasiwasi.

Gari la kuagizwa lina mambo yake. Hapo mteja ana nafasi ya kuuliza bei kabla, kulinganisha kampuni mbili, na kujua nani anayekuja. Kwa sababu hiyo sheria za miji mingi huliachia gari hilo bei, lakini hulikataza kuokota abiria barabarani. London hata ilikwenda mbali zaidi katika kuachia: magari ya kuagizwa hayakuwa na leseni maalumu ya kubeba abiria mpaka sheria ya 1998 ilipopitishwa kuyabana.

Mita inavyohesabu

Teksi za kukodi zina karne nyingi kuliko injini. Kilichobadilisha biashara ni kifaa kidogo alichokiunda Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn mwaka 1891, mita ya nauli, ambayo London iliifanya kuwa lazima mwaka 1907. Kabla yake bei ilikuwa mabishano, na mabishano ya mwisho wa safari humwendea vibaya abiria, maana amekwisha kufika.

Mita huhesabu vitu vitatu: nauli ya kuanzia, umbali na muda. Umbali na muda havihesabiwi pamoja kwa mita nyingi. Kifaa hubadilisha kutoka kimoja kwenda kingine kufuatana na mwendo wa gari. Tuseme kilomita moja ni pointi 100 na dakika moja ni pointi 30. Gari likienda kilomita 18 kwa saa, kwa dakika moja linakata mita 300 za barabara, ambazo ni pointi 30. Hapo umbali na muda vinalingana. Likikimbia zaidi ya hapo, umbali ndio unaohesabiwa. Likisuasua chini ya hapo, saa ndiyo inayohesabu. New York mpaka huo umewekwa kwenye maili 12 kwa saa, karibu kilomita 19.

Sasa unaona kwa nini namba hupanda hata gari likiwa limesimama kwenye foleni. Abiria wengi huapa kwamba mita imechezewa. Haijachezewa, dereva analipwa kwa dakika ambazo gari lake limefungwa kwako na hawezi kumchukua mwingine.

Wizi wa mita upo, ila haukai pale watu wanapoutazamia. Mita haioni barabara. Inapokea ishara kutoka kwenye mzunguko wa magurudumu. Ukifunga matairi yenye mzingo mdogo kuliko yaliyokuwepo siku mita ilipopimwa, gurudumu litazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, na mita itahesabu barabara ambayo haikuwepo. Mkaguzi makini hulipitisha gari kwenye umbali uliopimwa, akaangalia namba, akatazama saizi ya tairi, kisha akaifunga mita kwa lakiri. Lakiri ikikatika, gari linarudi kupimwa.

Wizi mwingine ni wa kidole tu. New York ina kitufe cha nauli ya nje ya jiji, ambayo ni mara mbili ya kawaida. Mwaka 2010 mamlaka ilipopitia kumbukumbu za safari zilizorekodiwa na vifaa vya kufuatilia magari kwa satelaiti, iligundua kwamba maelfu ya madereva waliwahi kukibonyeza wakiwa katikati ya jiji. Abiria walikuwa wameitazama namba hiyo kwa macho yao, wakalipa, wakashuka.

Nauli ya kuanzia nayo ina siasa zake. Ikiwa kubwa, mwenye safari fupi anaonewa, na mzee anayekwenda hospitali mitaa miwili mbele anaona bora atembee. Ikiwa ndogo, dereva anamkimbia huyo huyo mzee. Tokyo mwaka 2017 ilishusha nauli ya kuanzia kutoka yen 730 kwa kilomita 2 za kwanza hadi yen 410 kwa kama kilomita moja, makusudi iwavute watu wa safari fupi. Anayekwenda mbali hakupata punguzo, maana hatua za baadaye zilirekebishwa kufidia.

Kwa safari za uwanja wa ndege, miji kadhaa imeamua kuachana kabisa na mita. New York ina nauli moja kati ya uwanja wa JFK na Manhattan, moyo wa jiji, na Paris iliweka nauli za namna hiyo mwaka 2016. Ni bei ya kukadiria: siku nyingine dereva anapoteza, siku nyingine abiria. Lakini dereva hana tena sababu ya kukuzungusha, na mgeni anajua atalipa nini kabla hajafunga mkanda. Kama ningeambiwa nichague kanuni moja tu ya kuanzia kwa jiji lenye fujo, ningechagua hiyo.

Leseni inapogeuka mali

Tukifika kwenye idadi, mambo yanakuwa mazito.

Mwaka 1937 Marekani ilikuwa bado kwenye mdororo mkubwa wa uchumi. Watu wasio na kazi waliingia kwenye udereva, mitaa ya New York ikajaa, mapato yakaporomoka. Jiji likapitisha sheria ya kufunga idadi. Kila aliyekuwa ndani alipewa kibati cha chuma cha kubandika kwenye boneti. Ada yake ilikuwa dola 10. Kwa miongo kadhaa vibati hivyo vilikaa kwenye 11,787, huku jiji lenyewe likiendelea kukua.

Kosa halikuwa kuweka kikomo peke yake. Kosa ni kwamba kibati kiliruhusiwa kuuzwa. Kitu chochote ambacho ni kichache kwa amri, na kinaweza kubadilisha mikono, kitapata bei. Bei hiyo haitokani na gari, maana gari ni lile lile. Inatokana na marufuku kwa mwingine kuingia. Kibati cha dola 10 kikafika zaidi ya dola milioni moja ilipofika 2014. Nani alikuwa akiilipa? Abiria, kwa kusubiri. Na dereva asiye na kibati, aliyekodi kwa zamu kutoka kwa mwenye nacho. Teksi za manjano zilirundikana Manhattan na viwanja vya ndege, wakazi wa maeneo ya pembeni wakawa hawazioni, mpaka mwaka 2013 jiji likaanzisha teksi za kijani zilizokatazwa kuokota watu katikati ya Manhattan.

Kisha magari ya kuagizwa kwa programu yakaja kwa makumi ya maelfu, na hayakuhitaji kibati. Ndani ya miaka michache bei ya kibati ikashuka chini ya dola 200,000. Wengi walioumia hawakuwa matajiri. Walikuwa madereva wahamiaji waliokopeshwa na taasisi za fedha kununua kibati kimoja, huku jiji lenyewe likiwa limevipiga mnada vingine na kuvisifia kama uwekezaji wa uhakika. Mwaka 2018 baadhi ya madereva walijiua. Mwaka 2021 wenzao waligoma kula mbele ya ofisi za jiji, na mwezi Novemba yakafikiwa makubaliano ya kushusha mikopo yao hadi dola 170,000 kwa dhamana ya jiji.

Dublin, mji mkuu wa Ireland, ilipita njia ya pili. Leseni zilikuwa hazifiki 3,000 mahakama ilipoamua mwaka 2000 kwamba kuzibana namna ile hakukuwa na uhalali kisheria. Milango ikafunguliwa, na ndani ya miaka michache idadi ikawa imezidi mara tatu. Foleni za abiria usiku zikafupika, hilo halina ubishi. Lakini aliyenunua leseni yake kwa makumi ya maelfu ya pauni aliamka akiwa na karatasi isiyo na thamani, na serikali ikalazimika kuunda jopo la kusikiliza waliodhurika zaidi. Ilipofika 2010 Ireland ikageuka tena: leseni mpya hazitolewi isipokuwa kwa magari yanayoweza kubeba kiti cha magurudumu. Baadaye ikapiga marufuku kuuziana leseni.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kushika. Jiji lina sababu halali za kutaka kikomo. Barabara hazipanuki, na gari tupu linalozunguka kutafuta mtu linaziba njia sawa na lililojaa. Lakini leseni ibaki ruhusa, isiwe shamba la kurithisha. Itolewe kwa muda, isiuzwe, na idadi ipitiwe kwa kipimo kinachojulikana: abiria anasubiri dakika ngapi, na gari linakaa tupu sehemu gani ya siku. Ukimsikia ofisa anatetea kikomo bila kutaja hata kimoja kati ya vipimo hivyo viwili, kuna uwezekano mkubwa analinda waliomo ndani.

Programu ilichoondoa na ilichokileta

Uber ilianzishwa San Francisco mwaka 2009, na wengine wakafuata kila pembe ya dunia. Tukiacha ushabiki, programu hizi ziliondoa maradhi ya kweli. Abiria anaiona bei kabla ya safari. Anajua jina la dereva na namba ya gari. Njia inarekodiwa. Ile hoja ya kale kwamba abiria haoni wala halinganishi ilipungua nguvu.

Kampuni zikasema basi, sisi si teksi, sisi ni watu wa kompyuta tunaounganisha mtu na mtu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa hilo Desemba 2017 katika kesi iliyoanzia Barcelona: kampuni inayoamua nani aendeshe, kwa masharti gani na kwa nauli ipi inafanya biashara ya usafiri, na itaongozwa na sheria za usafiri. Nadhani hoja hiyo imefungwa, ingawa bado utaisikia.

Kilichokuja na programu ni maradhi mapya. La kwanza linaloonekana ni bei ya kilele, ile inayopanda mvua ikinyesha au mechi ikiisha. Watu huiita unyang'anyi. Ina kazi yake: wenye haraka ndogo wanasubiri, madereva waliokuwa nyumbani wanatoka, na gari linapatikana. Kompyuta hata hivyo haijui kwa nini watu wanaita magari. Desemba 2014 mateka waliposhikiliwa katikati ya Sydney, wafanyakazi wa maofisi ya jirani walikimbia wakafungua programu, mfumo ukaona wateja wengi kwa wakati mmoja, ukapandisha nauli. Kampuni iliomba radhi na kurudisha fedha. Tangu hapo mamlaka nyingi zimeona ni busara kuiacha bei ya kilele lakini kuiwekea dari. India mwaka 2020 ilielekeza isizidi mara 1.5 ya nauli ya msingi.

La pili ni kamisheni, sehemu ambayo kampuni inakata katika kila safari. Hapa mjadala hugeuka wa asilimia tu. Tanzania mwaka 2022 iliweka ukomo wa asilimia 15. Uber ikasitisha huduma zake Aprili mwaka huo, ikarudi Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Kenya iliweka asilimia 18 katika kanuni zake za mwaka huo huo wa 2022. Kupunguza makato kunasaidia, sikatai. Ila asilimia peke yake haimwambii dereva atakula nini. Asilimia 85 ya nauli ndogo inaweza kuwa chini ya asilimia 75 ya nauli ya wastani. Zaidi ya hapo, katika miji mingi kampuni sasa humtajia abiria bei moja na dereva malipo mengine, bila uwiano unaojulikana kati ya mawili hayo. Makato yanabadilika safari kwa safari, na asiyeona pande zote mbili hawezi kuyahesabu. Mdhibiti anayeweka ukomo wa kamisheni bila kuagiza risiti inayoonyesha abiria amelipa ngapi na dereva amepata ngapi, amepanga bei ya kitu asichokiona.

Ili kuelewa mapato ya dereva, chukua saa yake moja. Tuseme dakika 25 yuko na abiria, dakika 10 anamfuata wa pili, dakika 25 anasubiri. Abiria huona zile 25 za kwanza, akapiga hesabu kichwani na kusema huyu bwana anapata hela nyingi. Lakini zile 25 ndizo zinazolipia saa nzima, mafuta ya kwenda kumfuata mtu, matairi, bima na matengenezo. Teksi zikiongezeka, dakika za kusubiri zinaongezeka, na saa ile ile inalipa kidogo zaidi ingawa nauli haijaguswa. Kwa kampuni ya programu hiyo si hasara: magari mengi yaliyokaa bure yanamaanisha abiria anafuatwa haraka, na muda huo wa kukaa bure kampuni hailipii.

New York ililigusa hilo moja kwa moja. Mwaka 2018 ilisimamisha leseni mpya za magari ya kuagizwa, kisha kuanzia mwanzoni mwa 2019 ikaweka malipo ya chini yaliyolenga dola 17.22 kwa saa baada ya gharama. Kanuni yake ilizingatia sehemu ya muda ambayo gari lina abiria, wakati huo ikikadiriwa asilimia 58. Gari likikaa tupu zaidi, malipo ya kila dakika yanapaswa kupanda, na hivyo kukaa bure kwa dereva kukaanza kuiuma kampuni. Kampuni hazikulala. Zilianza kuwafungia madereva programu nyakati za wateja wachache, ili dakika zao tupu zisiingie kwenye hesabu.

Na dereva asiye na gari lake ana mzigo mwingine, hesabu ya kila siku kwa tajiri. Kiasi hakibadiliki, siku iwe nzuri au mbaya. Maana yake nusu ya kwanza ya siku anamfanyia kazi mwenye gari, na chake huanza kuonekana jioni, akiwa amechoka. Ukimwona anakimbia kama anafukuzwa, anakataa safari fupi, anaendesha saa kumi na nne, usiharakishe kusema ni tabia. Mafunzo ya huduma kwa wateja hayatamponya mtu anayedaiwa. Jambo hili linadhibitika: New York, kwa mfano, huweka ukomo wa kiasi ambacho mwenye teksi anaweza kumtoza dereva anayekodi kwa zamu. Uingereza ilikwenda upande wa ajira. Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Ubora, na nani anaangalia

Ubora ndio upande wenye ubishi mdogo. Hakuna anayepinga kukagua breki. Ubishi uko kwenye kiwango. Dereva wa teksi nyeusi London hukariri mitaa kama 25,000 ndani ya kilomita 10 hivi kutoka Charing Cross, katikati ya jiji, mtihani uliokuwepo tangu 1865, na wengi huuchukua miaka mitatu au minne. Utafiti wa mwanasayansi wa ubongo Eleanor Maguire wa mwaka 2000 ulionyesha hata sehemu ya ubongo inayohusika na ramani ni kubwa zaidi kwa madereva hao. Ni fahari, na mimi naipenda. Lakini ramani ikiwa kwenye kila simu, jiji linaloanza leo lingefanya vyema kutumia juhudi hizo kwenye kitu ambacho simu haiwezi: kumpandisha salama mtu mwenye kiti cha magurudumu. Teksi zote nyeusi za London zinaweza kufanya hivyo tangu 2000.

Udhaifu mkubwa wa miji mingi, nijuavyo, haumo kwenye kanuni. Umo kwenye usimamizi. Leseni ya dereva hukaguliwa siku ya kutolewa na kusahaulika mpaka siku ya kuisha. Novemba 2019 mamlaka ya usafiri ya London iliinyima Uber leseni baada ya kubaini kwamba madereva wasioidhinishwa waliweka picha zao kwenye akaunti za wengine, na safari zisizopungua 14,000 zilifanyika hivyo. Abiria aliyetazama simu aliona sura ya mtu aliyekuja, ikafanana, akapanda. Jina na leseni vilikuwa vya mwingine. Mahakama ilirudisha leseni Septemba 2020, baada ya kampuni kurekebisha namna inavyohakiki hati na sura.

Data za safari ndizo zinazofanya usimamizi wa namna hiyo uwezekane, na ndizo kampuni zinazozing'ang'ania. São Paulo ilipotunga kanuni zake mwaka 2016 ilizitoza kampuni kwa kila kilomita zinazoendesha ndani ya jiji. Kutoza kilomita kunalazimisha kuzihesabu, na kwa hiyo jiji likapata kujua magari yanapita wapi na saa ngapi. Mdhibiti hahitaji jina la abiria wala anwani ya nyumbani kwake kwa kazi hiyo. Anahitaji saa, mwanzo na mwisho wa safari kwa kadirio la mtaa, umbali, nauli iliyolipwa, malipo ya dereva na namba ya leseni. Kwa hayo anaweza kuona mitaa isiyofikiwa na teksi, dereva aliyefanya kazi saa kumi na sita mfululizo, na nauli iliyopanda kupita dari. Kanuni mpya ikitangazwa, kipengele hicho huwa kinakaa kwenye kurasa za mwisho, baada ya nauli na rangi ya magari. Anzia kusoma hapo.